Siku nzima na BBC Radio 4: mwongozo kamili kwa msikilizaji anayeanza

Ukifungua Radio 4 bila kujua ni saa ngapi London, huenda ukaizima baada ya dakika tano. Utakuta watu wawili wanabishana kuhusu ng'ombe katika mchezo wa redio ambao umeshafika katikati, au profesa anaeleza falsafa ya Wagiriki, au sauti tulivu inasoma majina ya bahari ambayo hujawahi kuyasikia. Hakuna wimbo wa kukushika katikati, hakuna tangazo la sabuni, wala hakuna mtangazaji wa kukukaribisha na kukusimulia ulichokikosa. Stesheni hii ilianza kwa jina hilo tarehe 30 Septemba 1967, ikachukua nafasi ya BBC Home Service, na hadi leo inamchukulia msikilizaji kama mtu wa nyumbani anayeijua ratiba.

Ndiyo maana mwongozo huu unafuata saa. Ukishajua saa ipi ni ya nini, na kila kipindi kina desturi gani, ugumu mwingi umekwisha. Nimemfikiria zaidi Mswahili aliyehamia London au Leicester, mwanafunzi anayenoa Kiingereza chake, na mtangazaji wa huku kwetu anayetaka kuona vipindi vya mazungumzo vinavyojengwa bila msaada wa muziki.

Kwanza, ipate

Kama uko Uingereza, Radio 4 iko kwenye FM kati ya 92 na 96, kwenye redio za dijitali, na kwenye simu. Kuna wageni wengi wanaogopa ile leseni ya televisheni na kudhani redio nayo inadaiwa. Haidaiwi. Leseni ya redio ilifutwa mwaka 1971, na kusikiliza redio peke yake hakukugharimu chochote.

Ukiwa nje ya Uingereza, elewa kwamba programu ya BBC Sounds ilifungwa kwa wasikilizaji wa nje Julai 2025. Radio 4 sasa inapatikana kwenye tovuti ya BBC na programu ya BBC yenyewe, pamoja na World Service, idhaa ya kimataifa ya BBC. Kuhusu bando: sauti inayokuja kwa kilobiti 96 kwa sekunde hula takriban megabaiti 43 kwa saa. Siku nzima ya matangazo ya moja kwa moja basi si mchezo kwa mtu wa bando la siku. Vipindi vingi hutolewa pia kama podikasti, hivyo vipakue penye Wi-Fi, usikilize kwenye daladala au matatu bila kuunguza bando lako.

Pili, geuza saa

Nyakati zote hapa chini ni za London, na nimezitaja kwa mtindo wetu: saa 12 asubuhi ni ile ambayo ratiba yao inaiandika 06:00. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, ongeza saa tatu majira yao ya baridi na saa mbili majira yao ya joto. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi, ongeza mbili au moja. Muscat, ongeza nne au tatu. Wanabadilisha saa Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba, na hapo ndipo watu wengi hukosa kipindi wakadhani kimefutwa.

Kila saa inapotimia, mara nyingi utasikia milio sita, mitano mifupi na wa mwisho mrefu. Aliyekulia kwenye nyumba iliyokuwa ikifungua Idhaa ya Kiswahili ya BBC ataitambua mara moja. Milio hiyo ilianza Februari 1924, na saa kamili ndiyo ule mwanzo wa mlio wa mwisho. Usirekebishe saa yako kwa milio ya simuni, maana sauti ya intaneti huchelewa, wakati mwingine kwa zaidi ya nusu dakika.

Usisikilize yote

Siku nzima haina maana ya saa kumi na nane mfululizo. Hata Waingereza hawafanyi hivyo. Wengi wana sehemu zao tatu au nne, na katikati redio inaongea peke yake jikoni. Kwa siku ya kwanza ningechagua hizi: dakika arobaini na tano za kipindi cha asubuhi, kipindi kimoja cha saa 3 asubuhi, taarifa ya habari ya saa 12 jioni pamoja na kinachoifuata hadi saa 1 na robo usiku, halafu, kama usingizi haujakuchukua, utabiri wa bahari wa usiku wa manane. Mengine yatajaza nafasi zenyewe ukishazoea.

Asubuhi: Today

Kipindi cha Today hurushwa saa 12 hadi saa 3 asubuhi, Jumatatu hadi Ijumaa, na Jumamosi huanza saa 1. Kilianza tarehe 28 Oktoba 1957, miezi minne tu baada ya Idhaa ya Kiswahili ya BBC kuanza, Juni mwaka huohuo. Hapa ndipo wanasiasa wa Uingereza huja kuhojiwa, na magazeti ya kesho yake mara nyingi hunukuu kilichosemwa humu.

Usijilazimishe kusikiliza saa zote tatu. Kipindi kimeundwa kwa watu wanaopiga mswaki na kutafuta soksi za watoto, kwa hiyo habari kuu hurudiwa kila baada ya nusu saa. Ingia saa 2 kasoro robo. Utakuta Thought for the Day, tafakuri isiyofika dakika tatu, inayotolewa kwa zamu na watu wa dini mbalimbali: Wakristo, Waislamu, Wayahudi, Masingasinga, Wahindu na Wabudha. Watu wasio na dini wamelalamika miaka mingi kwamba hawapewi zamu. Kwa mwanafunzi wa lugha ni dhahabu: mtu mmoja, hoja moja, sentensi zilizoandikwa kwa uangalifu, na hakuna anayemkatiza.

Saa 2 kamili ni taarifa ya habari. Kisha, saa 2 na dakika 10, huja mahojiano makubwa ya siku. Hiki ndicho kiti moto chenyewe, na mgeni huwa waziri, kiongozi wa upinzani, au mkuu wa taasisi iliyoboronga. John Humphrys, aliyekuwa mtangazaji wa kipindi hiki kuanzia 1987 hadi 2019, alijulikana kwa kuwabana wageni bila huruma. Sisi tuliofundishwa kumwacha mkubwa amalize kusema tunashtuka mwanzoni kusikia waziri anakatizwa mara tano. Si ugomvi, na baada ya mahojiano mara nyingi wanaagana vizuri tu. Mtangazaji anaamini msikilizaji ameuliza swali kupitia kwake na bado hajajibiwa. Binafsi nadhani wakati mwingine wanavuka mpaka, mgeni akashindwa kueleza hata jambo la kweli. Lakini msikilizaji anajifunza haraka kutofautisha jibu na maneno ya kuzungushia.

Njia ya kufuata mahojiano hayo ni kuandika swali la kwanza kwenye karatasi, basi. Kisha sikiliza kama limejibiwa. Usipoelewa kila neno bado utajua nani amekwepa, kwa sababu swali lilelile litarudi kwa maneno mengine.

Saa 3 na saa 4 asubuhi

Saa 3 ndiyo saa ya fikra. Alhamisi ni zamu ya In Our Time, ambayo Melvyn Bragg aliiongoza kuanzia 1998 hadi 2025: wasomi watatu, mada moja, hakuna kingine. Siku moja ni usanisinuru, siku nyingine ni Ibn Khaldun. Vipindi vimepita elfu moja na vingi bado vinasikilizwa. Watu huniambia wanaogopa Kiingereza cha maprofesa, nami nawaambia waogope cha wachekeshaji. Profesa humaliza sentensi zake, hueleza istilahi zake, na mada umeshaisoma shuleni kwa lugha hiyohiyo. Chagua mada unayoijua tayari. Ubongo ukishughulika na lugha peke yake hauchoki haraka.

Saa 4 asubuhi ni Woman's Hour, kipindi kilichoanza tarehe 7 Oktoba 1946 kwenye idhaa nyingine ya BBC na kuhamia Radio 4 mwaka 1973. Mtangazaji wake wa kwanza alikuwa mwanamume, Alan Ivimey, jambo ambalo leo linachekesha. Hapa utasikia kukoma hedhi, mishahara, ndoa, siasa na vitabu ndani ya kipindi kimoja, bila kunong'ona. Mwandaaji wa vipindi akisikilize kwa daftari mkononi: angalia wanavyotoka kwenye mada nzito kwenda kwenye nyepesi bila wimbo wa kuziba pengo. Sentensi moja ya mtangazaji inafanya kazi ambayo sisi hutumia kibwagizo cha nusu dakika kuifanya.

Mchana

Hapa nitapita haraka. Saa 7 mchana ni The World at One, habari na uchambuzi, ilianza 1965. Saa 8 ni marudio ya The Archers, ambayo nitayaeleza mbele. Saa 8 na robo mara nyingi huwa na mchezo wa redio wa dakika 45, hadithi iliyokamilika au sehemu ya mfululizo, na ubora wake hupanda na kushuka. Ijumaa alasiri kuna Gardeners' Question Time, watu wakiuliza kwa nini maua yao yananyauka, tangu 1947. Kama huna bustani Uingereza, kapumzike. Saa 11 jioni huja PM, ndugu wa Today ila mpole zaidi.

Saa 12 jioni: kengele, habari, kicheko

Saa 12 jioni huisikii ile milio sita. Unasikia kengele ya Big Ben yenyewe, kutoka kwenye mnara wa Bunge. Mnara ulipokuwa kwenye ukarabati kuanzia 2017 kengele ilinyamazishwa, ikarudi kazini rasmi Novemba 2022.

Taarifa inayofuata ni ya nusu saa, na kama una nusu saa moja tu kwa siku, iwe hii. Hakuna mahojiano marefu wala kubishana. Inasomwa kwa mwendo wa wastani, na kila habari ina mwanzo, sauti ya mhusika, na maelezo ya mwandishi. Anayejifunza Kiingereza afanye hivi: asikilize muhtasari wa mwanzo, aandike habari alizozitambua, kisha aangalie mwishoni, wakati muhtasari unaporudiwa, ni zipi zilimpita.

Saa 12 na nusu ni vichekesho, na hapa ndipo wageni wengi hukata tamaa. Jaribu Just a Minute, iliyoanza Desemba 1967. Mshiriki hupewa mada na dakika moja ya kuizungumzia bila kusita, bila kurudia neno na bila kutoka nje ya mada; wenzake wakimnasa wanachukua nafasi yake. Nicholas Parsons aliiongoza zaidi ya miaka hamsini, hadi kifo chake mwaka 2020. Sheria unazielewa mara moja, kwa hiyo utacheka hata maneno mengine yakikupita. Kinyume chake ni mchezo wa Mornington Crescent katika I'm Sorry I Haven't a Clue, ambapo watu hutaja vituo vya treni za London kwa zamu mpaka mmoja anataja kituo cha Mornington Crescent na kushinda. Usihangaike kutafuta kanuni zake. Hazipo, na utani wenyewe ni kwamba kila mtu anajifanya anazijua. The News Quiz, ya Ijumaa, iache kwanza. Inahitaji uwe umefuatilia siasa zao wiki nzima.

Saa 1 usiku: The Archers

Hii ndiyo sehemu inayotaka subira kuliko zote. The Archers ni mchezo wa redio wa kila siku isipokuwa Jumamosi, takriban dakika 13, kuhusu kijiji cha kubuni kiitwacho Ambridge. Ulianza kusikika nchi nzima tarehe 1 Januari 1951 na haujasimama, ndiyo maana unatajwa kuwa mchezo wa kuigiza uliodumu kuliko yote duniani. Mwasisi wake, Godfrey Baseley, alitaka kuwafikishia wakulima elimu ya kuzalisha chakula zaidi wakati Uingereza ilikuwa bado inagawa chakula kwa kadi baada ya vita. Mafunzo yakavishwa nguo ya hadithi. Waliokuwa wakifuatilia Twende na Wakati ya Radio Tanzania kuanzia 1993 watauelewa mpango huo bila kuelezwa.

Siku hizi somo la mbolea limepungua, ila mchezo bado una meno. Kati ya 2014 na 2016 ulimfuata Helen, mke aliyekuwa akidhibitiwa na mumewe, Rob, kidogokidogo, kwa maneno na vitisho, hadi usiku wa Aprili 2016 alipomchoma kisu. Sheria mpya ya Uingereza dhidi ya udhibiti wa namna hiyo ilikuwa imeanza kutumika Desemba 2015 tu. Wasikilizaji walichangisha fedha nyingi kwa ajili ya wanawake wanaokimbia ukatili, na Septemba mwaka huo mahakama ya kubuni ilipomwachia Helen, ilikuwa habari kwenye magazeti halisi.

Namna ya kuingia: usitafute historia ya miaka sabini. Chagua shamba moja, Brookfield la ukoo wa Archer, na familia moja ya kapuku, akina Grundy, kisha wafuate hao tu. Baa ya kijiji, The Bull, ndipo kila mtu hukutana na kila mtu. Jumapili asubuhi vipindi vya wiki nzima huunganishwa kuwa kimoja. Anzia hapo, ukiwa na majina kwenye karatasi. Hakuna msimulizi, kwa hiyo masikio yako yafanye kazi ya macho: ukisikia vikombe ni jikoni, ukisikia kondoo ni malishoni. Upe mchezo wiki tatu hivi kabla ya kuuhukumu.

Usiku, hadi bahari

Saa 4 usiku ni The World Tonight, ambayo huipa dunia ya nje ya Uingereza nafasi zaidi, na Afrika husikika humu kuliko asubuhi. Saa 5 kasoro robo ni Book at Bedtime, riwaya inayosomwa kwa robo saa kila usiku. Saa 5 na nusu, Bunge likiwa linakaa, kuna Today in Parliament, ya tangu 1945. Saa 6 usiku Big Ben inalia tena, kisha habari.

Saa 7 kasoro dakika 12 huja Shipping Forecast, ikitanguliwa na Sailing By, muziki wa taratibu wa Ronald Binge. Mgeni huidhani mashairi. Ni utabiri wa kazi kabisa, unaotolewa na Met Office, idara ya hali ya hewa ya Uingereza, kwa ajili ya vyombo vya baharini, na unaeleweka ukijua mpangilio wake.

Kwanza husomwa onyo la tufani, kisha hali ya jumla ya hewa, kisha maeneo 31 ya bahari, yakianzia Viking karibu na Norway na kuzunguka visiwa vya Uingereza kwa mwelekeo wa akrabu za saa: Dogger, Humber, Thames, Dover, Plymouth, Fastnet, Rockall, hadi Southeast Iceland. Kila eneo lina mambo yaleyale kwa mfuatano uleule: upepo unatoka wapi, nguvu yake kwa kipimo cha Beaufort, hali ya mawimbi, mvua au ukungu, na mwisho umbali wa kuona. Kwa hiyo "good" inayosikika mwishoni haimaanishi hali ni nzuri. Maana yake unaweza kuona zaidi ya maili tano za baharini. "Poor" ni chini ya maili mbili. Kwenye kipimo cha Beaufort, namba 8 ni tufani. "Imminent" ni ndani ya saa sita, "soon" ni kati ya sita na kumi na mbili, "later" ni baada ya hapo. Upepo "ukiveer" unageuka kwa mwelekeo wa akrabu. "Ukiback" unageuka kinyume. Mtu wa pwani aliyezoea kuhesabu safari kwa kusi na kaskazi hatapata shida hata kidogo.

Utabiri wote huu una kikomo cha maneno mia tatu na kitu, ndiyo maana umekatwa hadi mfupa. Eneo la FitzRoy liliitwa Finisterre hadi 2002, na jina jipya ni la Robert FitzRoy, nahodha aliyeasisi Met Office mwaka 1854. Fungua ramani ya maeneo hayo kwenye simu na ufuate kwa kidole usiku mmoja tu.

Baada yake hupigwa wimbo wa taifa, na saa 7 usiku masafa hukabidhiwa World Service hadi alfajiri.

Ukibakiwa na wikendi

Jumamosi tafuta From Our Own Correspondent, ya tangu 1955: waandishi wa habari wanasoma barua fupi kutoka waliko, na hakuna shule bora ya kuandikia sikio. Desert Island Discs, iliyobuniwa na Roy Plomley mwaka 1942, humpeleka mgeni kwenye kisiwa cha kufikirika na rekodi nane, kitabu kimoja na kitu kimoja cha anasa. Anasimulia maisha yake kati ya nyimbo.

Na kabla ya vyote hivyo, ingia kwenye hifadhi ya Reith Lectures, mihadhara ya kila mwaka iliyoanza 1948. Mwaka 1979 mhadhiri alikuwa Ali Mazrui wa Mombasa, na mihadhara yake sita, The African Condition, ipo hapo pamoja na maandishi yake. Anza na wa kwanza, maandishi yakiwa mbele yako, kisha rudia bila maandishi.